Kwa nini baadhi ya wanaume hulazimisha ngono? Naomba majibu yenye ushahidi wa utafiti

Mwalimu wa Malezi (Morogoro) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika shule ya sekondari, na mkuu wa shule amenikabidhi jukumu la kuandaa mada kuhusu ukatili wa kingono kwa wavulana wa kidato cha tatu na cha nne. Mada za aina hiyo nimezisikiliza nyingi: mgeni anafika, anasoma vifungu vya sheria, anataja kifungo cha miaka 30, wavulana wanapiga makofi, kisha wanarudi madarasani wakiwa walewale. Sipingi kwamba sheria waijue, ila kifungo humweleza kijana kitakachompata baada ya tendo, hakimwelezi ni kwa namna gani mtu wa kawaida, mwenye mama na dada, anafikia kulitenda.

Nilipolileta suala hili katika ofisi ya walimu, kila mmoja alikuwa na jibu lake tayari. Wa kwanza alisema ni tamaa, kwamba mwanaume akishawaka hazimiki. Wa pili akasema ni pombe na bangi. Wa tatu, ambaye ni mwalimu mwenzetu wa kike, akalaumu mavazi ya wasichana wa siku hizi. Na wa nne akasisitiza kwamba kila mbakaji naye alibakwa au kulawitiwa alipokuwa mtoto. Wote walizungumza kwa uhakika mkubwa, wala hakuna aliyetaja utafiti wowote.

Ningependa kujua wanasaikolojia waliowachunguza wanaume wenyewe, si waathirika pekee, wamebaini mambo gani yanayoambatana na tabia hii. Vijana nitakaosimama mbele yao si wajinga, na nikiwapa maneno ya mitaani watanirudishia ya mitaani.

Mhadhiri, Saikolojia Jamii (Dodoma):

Mwalimu, umefanya vyema kutaja wanaume wenyewe. Kwa muda mrefu uchunguzi wa jambo hili ulifanyika magerezani, kwa watu waliokwisha kuhukumiwa, na picha iliyopatikana ilikuwa ya mgonjwa au mhalifu sugu. Udhaifu wake ni dhahiri, kwa kuwa wanaotiwa hatiani ni sehemu ndogo sana ya waliotenda. Mwaka 1987 Mary Koss na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti wa wanafunzi 6,159 wa vyuo 32, wa kike na wa kiume. Dodoso lao halikumuuliza mtu kama amewahi kubaka. Liliuliza matendo moja moja, kwa mfano kama mhojiwa amewahi kujamiiana na mwanamke asiyetaka kwa kumtishia au kwa kutumia nguvu kiasi, kama vile kumkunja mkono au kumkandamiza chini. Kwa njia hiyo asilimia 27.5 ya wanawake walisema wamepatwa, tangu walipofikisha miaka 14, na tukio linalolingana na tafsiri ya kisheria ya ubakaji au jaribio la kubaka, na asilimia 7.7 ya wanaume wakakiri kutenda. Hawa hawakuwa wafungwa. Walikuwa wanafunzi waliohudhuria vipindi na kufanya mitihani kama wenzao.

Kwa kutumia takwimu za wanaume wa utafiti huohuo, Neil Malamuth wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akishirikiana na Koss na wengine, alitoa mwaka 1991 maelezo ambayo yamejaribiwa tena na tena tangu wakati huo. Anaeleza njia mbili. Ya kwanza ni uanaume wa uhasama, yaani mwanaume asiyewaamini wanawake, anayeona kwamba daima wanamchezea au kumdharau, anayechukulia uhusiano wa kimapenzi kuwa shindano la nani atamtawala nani, na anayepata raha katika kule kutawala. Ya pili ni mwelekeo wa kufanya ngono bila mapenzi wala kujali: wenza wengi, kuanza mapema, na ngono kuhesabiwa kama ushindi wa kuwasimulia marafiki. Nyuma ya njia hii ya pili mara nyingi kuna nyumba yenye ugomvi na kipigo, na baadaye urafiki na vijana wakorofi. Kila njia peke yake ina mchango wake, lakini hatari hupanda zaidi pale zinapokutana ndani ya mtu mmoja. Kwa hiyo kijana mwenye wapenzi wengi ambaye hana chuki na wanawake si sawa na yule mwenye wapenzi wengi na kinyongo juu. Wavulana wako wataielewa tofauti hiyo haraka, pengine kuliko sisi walimu wao.

Kuhusu mwalimu mwenzenu aliyelaumu mavazi, kuna jambo ambalo hatalipenda. Mwaka 1980 Martha Burt alichapisha utafiti alioufanya kwa watu wazima wa jimbo la Minnesota, akiwa ametengeneza kipimo cha imani potofu kuhusu ubakaji, ambacho ni orodha ya kauli ambazo mhojiwa anaonyesha kama anakubaliana nazo au la. Miongoni mwa kauli hizo imo ile inayosema kwamba mwanamke anayevaa sketi fupi na blauzi ya kubana anajitafutia matatizo. Kipimo hiki na vingine vilivyokifuata vimetumika katika tafiti nyingi, na kwa kawaida wanaume wanaokubaliana zaidi na kauli za namna hiyo ndio wanaokiri zaidi kulazimisha ngono. Kwa maneno mengine, mavazi hayamo katika utafiti kama chanzo. Kinachopimwa ni imani kwamba mavazi ndiyo chanzo, na imani hiyo ni mojawapo ya vihatarishi, yaani mambo yanayoambatana na uwezekano mkubwa zaidi wa kutenda.

Nimalizie kwa tahadhari. Mwaka 2013 Andra Tharp na wenzake walipitia tafiti 191 na kukusanya mambo 67 yaliyochunguzwa kuwa vihatarishi au kinga, mengi yao yakimhusu mtu binafsi, mengine yakihusu familia, marafiki na wapenzi, na mawili tu yakihusu jamii kwa upana wake. Uchache huo wa mambo ya jamii hauna maana kwamba jamii haina mchango. Una maana kwamba watafiti wengi walikuwa na wanafunzi wa chuo karibu yao na dodoso mkononi.

Mtafiti wa Afya ya Jamii (Mombasa):

Namshukuru ndugu Mhadhiri, hasa kwa sentensi yake ya mwisho, maana hapo ndipo ninapotaka kuingilia. Takwimu za wanafunzi wa Marekani zina kikomo chake, na Mwalimu anakwenda kuzungumza na vijana wa Morogoro. Tunazo tafiti zilizofanyika majumbani, kwa wanaume wa kawaida, katika nchi ambazo maisha yake yanafanana zaidi na yetu.

Rachel Jewkes na wenzake wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini waliwahoji wanaume 1,738 wenye umri wa miaka 18 hadi 49 katika majimbo ya Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Namna ya kuhoji ndiyo iliyonivutia: mwanaume alipewa kompyuta ndogo ya mkononi, akavaa spika za masikioni, akasikiliza swali kwa lugha yake na kubonyeza jibu, bila mhojaji wala jirani kujua amejibu nini. Asilimia 27.6 walikiri kwamba wamewahi kumbaka mwanamke au msichana. Waliokiri walitofautiana na wengine kwa mambo kadhaa: walikuwa wamepitia shida na mateso zaidi utotoni, baadhi yao wakiwa wamebakwa na wanaume, mtazamo wao kuhusu usawa wa kijinsia ulikuwa wa chini, walikuwa na wapenzi wengi zaidi, walitoa fedha au zawadi kwa ajili ya ngono, na waliwapiga wapenzi wao. Ukiyapanga mambo hayo utaona zile njia mbili za Malamuth zimo, ila hapa zimevaa nguo za fedha na hadhi.

Baadaye Jewkes, Emma Fulu na wenzao walichapisha, mwaka 2013, matokeo ya utafiti wa Umoja wa Mataifa kwa wanaume zaidi ya 10,000 wa Bangladesh, Kambodia, China, Indonesia, Papua New Guinea na Sri Lanka. Wanaume waliokiri kumbaka mwanamke ambaye si mwenza wao walikuwa karibu asilimia 11, lakini kiwango kilitofautiana mno kati ya eneo na eneo, Bougainville ya Papua New Guinea ikiwa juu kabisa na maeneo ya Bangladesh yakiwa chini. Kama chanzo kingekuwa maumbile tu, au ile tamaa isiyozimika, tofauti kubwa namna hiyo ingekuwa vigumu kuieleza.

Waliotenda waliulizwa pia sababu zao, na kila mmoja aliweza kutaja zaidi ya moja. Asilimia 73 walitoa sababu za haki: kwamba walimtaka, kwamba walitaka ngono, basi walistahili kuipata hata kama yeye hakutaka. Karibu asilimia 59 walitaja kujifurahisha au kuondoa uchovu wa kukaa bure. Karibu asilimia 38 walisema walikuwa wakimwadhibu mwanamke, au wana hasira. Pombe ilitajwa na asilimia 27. Tena zaidi ya nusu ya waliotenda walisema mara ya kwanza walikuwa bado katika ujana wao, chini ya miaka 20, na hapo utaona, Mwalimu, kwamba kidato cha tatu si mapema hata kidogo.

Hiyo asilimia 73 haiko mbali nasi. Kaeni kijiweni siku moja jioni msikilize mjadala wa msichana aliyekula nauli. Kijana ametuma fedha kwa simu, msichana hakutokea, na wenzake wanamzunguka wakishauriana atazilipaje. Anayecheka zaidi ndiye anayesema kwamba safari ijayo akifika hatoki. Pale hakuna aliyelewa na hakuna aliyewaka tamaa. Kuna deni lililoandikwa juu ya mwili wa mtu mwingine, na kuna hadhira inayolithibitisha. Ningekuwa mimi, mada yangu ingeanzia hapo.

Msomaji wa Sheria (Arusha):

Nimewasoma kwa makini, nami nina mashaka mawili na nyongeza moja.

Shaka la kwanza: haya yote ni maelezo ya wahusika wenyewe, na uhusiano wa kitakwimu si usababisho. Mtu aliyekwisha kubaka anaweza kujenga imani potofu baadaye ili ajihalalishe, hivyo haitoshi kusema kwamba imani hiyo ndiyo iliyomsukuma. Shaka la pili: nimewahi kuona mawakili wakizitumia habari za utoto mgumu kuomba huruma ya mahakama, na naogopa kwamba mada ya namna hii itawafundisha wavulana utetezi badala ya wajibu. Mtu mmoja kati ya wengi waliopitia magumu yaleyale alichagua kutenda, na huyo awajibike.

Nyongeza yangu inahusu sheria zenyewe, ambazo Mwalimu amezitaja kama kitu kilicho upande mmoja. Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliongeza adhabu kwa kiasi kikubwa, lakini katika tafsiri ya ubakaji iliacha nje mke anayeishi na mumewe. Anayelindwa ni yule tu aliyetengana naye. Kenya ilipotunga Sheria ya Makosa ya Kingono mwaka 2006, kifungu cha 43 kinachoeleza makosa yanayotendwa kwa makusudi na kinyume cha sheria kiliwekewa kifungu kidogo kinachosema kwamba hakiwahusu waliooana kihalali. Kwa hiyo mtafiti wa Mombasa anapozungumzia dhana ya kustahili, asiishie kijiweni. Bunge nalo limechangia.

Mhadhiri, Saikolojia Jamii (Dodoma):

Ndugu Msomaji wa Sheria, shaka lako la kwanza ni halali na wanasaikolojia wamelihangaikia. Malamuth na wenzake waliwafuatilia wanaume waliopimwa ujanani na kuwachunguza tena takriban miaka 10 baadaye, na vipimo vya awali vilisaidia kubashiri ni nani angekuwa na migogoro na ukatili kwa mwenza wake. Hilo halithibitishi usababisho kikamilifu, lakini linapunguza uzito wa hoja kwamba imani hujengwa baada ya tendo tu. Kuhusu shaka la pili, nadhani utafiti unaelekea upande wako kuliko unavyodhani. Mtu anayesema alistahili hajasema alishindwa kujizuia.

Mnasihi wa Vijana (Mwanza):

Mwalimu, shikamoo. Mimi hufanya kazi na vijana wa rika la wanafunzi wako, na nimeona hakuna aliyemjibu vizuri yule mwalimu wa nne, anayesema kila mbakaji alifanyiwa utotoni. Kauli yake ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu huingia masikioni mwa watu asiowafikiria.

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, na ukaonyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa angalau kitendo kimoja cha ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa hesabu hiyo, katika darasa lenye wavulana 42 unaweza kutarajia sita. Ukisimama mbele yao na kutamka kwamba aliyelawitiwa atalawiti, umewahukumu hao sita kwa kosa ambalo hawajalitenda, na umewapa sababu nzuri ya kutokumwambia mtu yeyote yaliyowapata.

Tena haiungwi mkono na ushahidi. Cathy Widom na Christina Massey, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2015, walitumia kumbukumbu za mahakama za Marekani kuhusu watoto 908 waliothibitika kuteswa au kutelekezwa, wakawalinganisha na wengine 667 waliofanana nao kwa umri, jinsia na hali ya familia, na kuwafuatilia hadi utu uzima. Waliopigwa na waliotelekezwa ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukamatwa baadaye kwa makosa ya kingono. Kwa waliofanyiwa ukatili wa kingono hasa, tofauti haikufikia kiwango cha kuaminika kitakwimu. Walio wengi katika makundi yote hawakukamatwa kwa kosa la namna hiyo. Ni kweli kwamba katika utafiti wa Afrika Kusini kubakwa na mwanaume kulijitokeza kama kihatarishi, na wala sikatai, lakini kihatarishi si hatima. Kama mtu anataka kuhangaikia utoto, basi aanze na kipigo na utelekezaji, mambo ambayo huku kwetu bado yanaitwa malezi.

Mwalimu wa Malezi (Morogoro):

Nawashukuru sana nyote. Marahaba, Mnasihi. Nimebakiwa na mambo mawili. Vijana wataniuliza kuhusu video za ngono zilizojaa kwenye simu zao na kuhusu pombe, maana hivyo ndivyo wanavyovijua. Pia nimepewa kipindi kimoja cha dakika 80. Je, mada moja inaweza kubadilisha chochote?

Mhadhiri, Saikolojia Jamii (Dodoma):

Kuhusu video, Malamuth, Addison na Koss walichapisha mwaka 2000 uchambuzi unaoonyesha kwamba utazamaji wa mara kwa mara unahusiana na ukatili zaidi kwa wanaume ambao tayari wako juu katika zile njia mbili. Kwa wengine uhusiano ni mdogo. Kwa hiyo usiwaambie kwamba kila anayetazama atabaka, kwa sababu wanajua si kweli, na baada ya hapo hawatakuamini kwa lolote.

Pombe ni suala pana zaidi. Antonia Abbey wa Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, ameitafiti kwa miongo kadhaa, na makadirio yake ni kwamba katika karibu nusu ya matukio ya Marekani mmoja wa wahusika, au wote wawili, alikuwa amekunywa. Mlevi huona anachokitaka na kupuuza dalili za kukataliwa, tena huja na matarajio aliyoyabeba tangu akiwa mzima, kwa mfano kwamba mwanamke anayekunywa amekwisha kukubali. Kijana asiye na dhana hizo hulewa, akatapika, akalala.

Kipindi kimoja hakitoshi. Sarah DeGue na wenzake walipitia mwaka 2014 tathmini 140 za programu za kuzuia ukatili wa kingono, nyingi zikiwa mafunzo mafupi ya siku moja, na walipata tatu tu zilizoonyesha kupunguza tabia yenyewe. Mafunzo mafupi hubadilisha majibu ya dodoso kwa wiki chache, kisha mambo hurudi palepale.

Mtafiti wa Afya ya Jamii (Mombasa):

Zilizofaulu barani kwetu zilichukua muda. Programu ya Stepping Stones, iliyojaribiwa katika makundi 70 ya vijiji na mitaa ya Eastern Cape na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, ilikuwa na takriban saa 50 za mijadala na maigizo, wavulana na wasichana wakikutana kwanza mbalimbali kisha pamoja. Miaka miwili baadaye wavulana walioshiriki waliripoti ukatili mdogo zaidi kwa wapenzi wao. Kampala, programu ya SASA! ilifanya kazi na mtaa mzima, wakiwamo viongozi, polisi na majirani, na tathmini ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba ukatili wa kimwili wa wenza ulikuwa chini kwa karibu nusu katika mitaa iliyoshiriki. Mwombe mkuu wa shule akubadilishie hizo dakika 80 ziwe dakika 40 kila wiki kwa muhula mzima. Akikataa, tumia kipindi chako kuanzisha kundi dogo litakaloendelea baada ya masomo, na uwachague wale wanaosikilizwa na wenzao, hata kama si wenye nidhamu kuliko wote.

Mnasihi wa Vijana (Mwanza):

Naongeza jambo moja la maandalizi. Mada ikienda vizuri, kuna mvulana atakayekufuata baadaye kukueleza alichofanyiwa, na huenda mwingine atakueleza alichokifanya. Kabla ya kipindi cha kwanza, zungumza na afisa ustawi wa jamii wa kata na Dawati la Jinsia na Watoto ili ujue ni nani atakayempokea mtoto siku hiyohiyo, kisha waeleze wavulana mapema, kwa maneno yaliyo wazi, ni mambo gani utayaweka siri na ni yapi hutaweza. Namba 116 ya simu kwa mtoto iandike ubaoni kipindi kinapoanza na uiache hapo hadi mwisho, ili anayeinakili asijulikane ameinakili saa ngapi.